Tupeane uzoefu: mzazi hajatulia, mtoto ndiye aliyetulia. Mnaishije?

Mwanzisha mada, Dodoma

Habari zenu ndugu zangu. Nina miaka 41, ni mhasibu serikalini, nina mume na watoto wawili. Baba yangu ana miaka 74, na tangu ujana wake ni mpuliza tarumbeta wa bendi za dansi. Ijumaa nimerudi kazini nikakuta chumba chake kitupu. Tarumbeta halipo, na dawa zake za presha za mwezi mzima ziko mezani. Kapanda treni ya SGR kwenda Dar, wazee wenzake wamemwita wakapige kwenye bonanza la Jumapili. Nauli ya elfu 31 kaitoa kwenye hela niliyomwachia ya miwani.

Naandika nikiwa na hasira, na huyu mzee nampenda sana.

Wenye umri wangu mnakumbuka, bendi nyingi za zamani zilikuwa chini ya mashirika. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ikawa ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki aliajiriwa kama karani, mwisho wa mwezi ana mshahara wake. Baba alishawahi kuwa na ajira ya namna hiyo. Akaiacha. Alihama bendi mara nne, na mara mbili mama alizipata habari hizo kwa majirani. Sisi tumekua kwa vitumbua vya mama.

Nikiwa darasa la sita nilirudishwa nyumbani kwa kukosa mchango wa shule. Usiku huohuo baba akaingia kutoka Mwanza, amevaa koti jipya la jukwaani, la bluu, vifungo vinang'aa kama dhahabu. Akatupigia palepale sebuleni. Wadogo zangu walicheza mpaka wakalala sakafuni. Mimi nilikaa kwenye kona nahesabu vile vifungo. Vilikuwa kumi na viwili. Nilikuwa najiuliza kimoja kinauzwa shilingi ngapi.

Leo nimemjengea chumba, nimemwandika kwenye bima yangu ya NHIF, chakula chake hakina chumvi. Ananiambia, "Mama, umenifungia kama kuku wa mayai." (Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake.) Nikisikia hilo la kuku naumia siku nzima.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Bendi zile karibu zote zilirekodi Redio Tanzania, na mpaka leo zilipendwa zinapigwa. Asubuhi moja mlinzi wa ofisini kwetu alikuwa na redio, ukapita wimbo wa bendi ya baba. Mlinzi akafumba macho, akasema, "Sikia hilo tarumbeta, huyu mtu sijui yuko wapi siku hizi." Nikapita nikasaini daftari. Nilishindwa kusema ni baba yangu.

Wenye wazazi wa aina hii, mnaishi nao vipi?

Mchangiaji, Nakuru

Pole sana dada. Mimi ni mama yangu. Alistaafu ualimu, akakaa nyumbani miaka miwili, kisha akauza ng'ombe wote watatu akahamia Kilifi. Ana miaka 63, amesuka rasta, anafinyanga vyungu na kuogelea baharini kila alfajiri. Kanisani kwetu mimi ni mzee wa kanisa, na watu huniuliza kwa upole unaokera, "Mama anaendeleaje huko pwani?"

Hapa Kenya, SHA (bima mpya ya afya ya serikali) ilipochukua nafasi ya NHIF yetu Oktoba 2024 nilimsajili kwa nguvu. Kwa sisi tulioajiriwa wanakata asilimia 2.75 kwenye mshahara, lakini mtu kama yeye hulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, kwa hiyo nikalipa. Badala ya asante akanitumia picha ya chungu. Nikakasirika, tukakaa miezi minne bila kuongea. Kilichonitoa huko ni kwenda mwenyewe bila kumwambia, nikamkuta ameketi chini, mikono imejaa udongo hadi kwenye viwiko, anaimba zile tenzi alizokuwa akituimbia tukiwa wadogo. Hakuwa amepotea. Mimi nilikuwa nimemzika akiwa hai.

Bado tunagombana, hasa kuhusu pesa. Lakini siku hizi sianzi simu na swali la dawa. Naanza na habari za bahari, dawa zinakuja baadaye.

Mchangiaji, Mbeya

Mimi nitasema tofauti na samahanini. Baba yangu naye alikuwa "mtu huru". Uhuru wake aliulipia dada yangu mkubwa, aliyeacha shule kidato cha pili ili sisi wadogo tule. Namtumia baba hela ya matumizi kila mwezi na nitamtumia mpaka atakapoondoka duniani. Kucheka naye siwezi, na wala sitaki kulazimishwa. Tusiambiane hapa kwamba kila mzee wa hivi ana moyo wa dhahabu.

Mchangiaji, Unguja

Asalaam alaykum. Mama yangu anapiga sanduku kwenye kidumbak, ngoma ya harusi ya huku kwetu. Kwa wasiojua, sanduku ni besi yetu ya kienyeji, sanduku la mbao lenye fimbo na uzi mmoja, na kwa kawaida wapigaji ni wanaume. Yeye alijifunza kwa kaka yake na akawa hodari, harusi za shamba zikawa zinamtafuta. Mimi nasomesha chuoni, yaani madrasa, wanafunzi wangu ni watoto wa haohao wanaomtunza mama noti harusini.

Ilipofika harusi ya binti yangu nilimwambia, "Mama, njoo, lakini sanduku lako libaki nyumbani." Akaja amevaa kanga mpya, akakaa pembeni na mikono mapajani. Nilimwona vidole vinacheza peke yake juu ya goti, taratibu, akifuata ngoma ya nyumba ya jirani. Akaondoka kabla ya chakula.

Msimamo wangu juu ya ngoma haujabadilika na sitawadanganya. Ila zamani nikimwamkia tulikuwa tukikaa mpaka adhana ya isha. Sasa nasema shikamoo, anajibu marahaba, anatazama mlango. Ningependa kujua kama yupo aliyewahi kurudisha neno alilokwisha kulitoa.

Mchangiaji, Tanga

Wanangu, mimi ndiye huyo mzazi mnayemsema. Nina miaka 68, nilikuwa baharia. Nimeshuka Durban, Karachi, Rotterdam, na kila bandari niliondoka nikiwa mwepesi. Binti yangu anaandika matumizi yake kwenye daftari, hata kiberiti. Nilimcheka mbele ya wakwe zake.

Hakujibu. Aliingia ndani akatoka na mkebe wa biskuti, akaufungua mbele yangu. Ndani mlikuwa na barua zangu zote alizopokea utotoni, amezipanga kwa stempu. Miaka tisa, barua kumi na moja. Alikuwa anazihesabu tangu hajajua kuzisoma.

Mwalimu wa Unguja, sijui kama neno hurudishwa. Mimi nilianza kwa kwenda kwake kila Alhamisi saa kumi, bila kukosa, maana nimegundua kwake mtu kuja saa aliyosema ndiyo mapenzi. Ni mwaka wa pili sasa. Alhamisi iliyopita chai yangu nimeikuta imeshamiminwa.

Mwanzisha mada

Nimewasoma wote. Wa Mbeya, sina la kukupinga, hata mimi kuna siku niko hapo ulipo wewe.

Dawa nimezituma kwa basi la asubuhi, zimempata Magomeni kwa rafiki yake. Jioni nikampigia. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi, nikajikuta namuuliza juu ya wimbo ule wa redioni, kama lile tarumbeta la katikati ni lake. Miaka yote nimeamini ni lake.

Akanyamaza kidogo. Akasema hapana, lile ni la mwenzake, ameshafariki. "Mimi nilikuwa wa pili, mama. Nipo chini yake. Ukimsikiliza yeye hunisikii, lakini mimi nikikaa kimya, yeye anaanguka."

Watoto wamelala. Nimeuweka wimbo masikioni, nimeurudia mara sita. Mara ya saba nimemsikia.