Tupeane uzoefu: maji kupungua kwenye tangi la samaki wa baharini

Mlezi wa Kitatange (Tanga)
Wakuu, habari za humu. Tunaofuga samaki wa baharini nyumbani tunajadili sana chakula, taa na magonjwa, ila maji yanayopungua kila siku hatuyapi uzito. Kwa maoni yangu hapo ndipo matangi mengi ya pwani yanapoharibikia. Bahari iko jirani, kwa hiyo mtu akiona maji yameshuka anachukua dumu, anachota, anajazia.

Kinachopanda hewani ni maji matupu, chumvi yote inabaki ndani. Chukua tangi la lita 200 lenye gramu 35 za chumvi kwa lita. Likipoteza lita 3 kwa siku nawe ukarudishia maji ya bahari, kila siku umeongeza zaidi ya gramu 100 za chumvi. Wiki ikiisha umekaribia gramu 39 kwa lita. Samaki anaweza kujikaza kwa muda, lakini matumbawe na konokono huumia mapema. Pengo la mvuke linajazwa kwa maji yasiyo na chumvi. Maji ya bahari tuyaweke kwa siku ya kubadilisha maji.

Nyie mnajazia maji gani, na kwa njia gani? Taja na ulipo, maana hali ya hewa inabadilisha mambo.

Mvuvi wa Nyali (Mombasa)
Mimi sina mtambo wowote, nina kipande cha plasta. Tangi langu lina sampu, yaani tangi dogo la chini ambalo maji hupitia na kurudishwa juu kwa pampu, ndani ya kabati. Ukiwa na sampu, tangi la juu halishuki hata kidogo. Kinachoshuka ni chemba ya mwisho yenye pampu, na ikishuka sana pampu inavuta hewa na kuanza kunguruma. Nimebandika plasta kwenye kioo cha chemba hiyo, na kila asubuhi kabla ya kuwalisha najazia polepole kwa jagi hadi kwenye alama. Wakati wa kaskazi jagi linafanya kazi zaidi kuliko wakati wa kusi.

Angalieni pia ule ukoko mweupe kwenye ukingo wa kioo na kwenye nyaya. Hiyo ni chumvi iliyorushwa na viputo. Ukiufuta na kuutupa kila mara, kiwango cha chumvi kinaanza kushuka taratibu, kwa hiyo alama ya plasta peke yake haitoshi, pima chumvi.

Mama Matumbawe (Nairobi)
Huku juu hewa ni kavu, hasa Januari na Februari, na hita ikiwaka maji yanaondoka haraka. Natumia swichi ya boya inayowasha pampu ndogo kwenye ndoo ya akiba. Inasaidia sana, ila ina masharti yake. Ndoo ikae chini kuliko mdomo wa mpira unaopeleka maji tangini, la sivyo pampu ikizima maji yanaendelea kujivuta yenyewe. Mdomo wenyewe usizame, maana maji ya chumvi yatarudi kwenye ndoo. Boya lisafishwe, konokono hupenda kupanda na kulikwamisha.

Na ndoo isiwe kubwa. Lita 10 zikiingia zote kwa mpigo kwenye tangi la lita 200, chumvi inashuka hadi 33 hivi, na viumbe wote watapona. Pipa la lita 60 ni msiba.

Maji nanunua ya RO (yaliyochujwa kwa utando unaoondoa chumvi na madini) kwenye duka la maji mtaani, lakini napima kwa kipimo cha TDS, kinachoonyesha madini yaliyoyeyuka, kwanza. Baadhi ya maduka huongeza madini ili yanyweke vizuri. Nataka kipimo kisome sifuri au karibu nayo.

Abu Salim (Muscat)
Ndugu zangu wa Ghuba, msitumie maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi. Yanaonekana safi na ni ya bure, lakini yametiririka juu ya mabomba ya shaba, na shaba hata kidogo huua kamba na matumbawe.

Kijana wa Mbagala (Dar)
Wakuu, kwa nini tusifunike tu kwa kioo tukamaliza? Na maji ya mvua ya bati je?

Mlezi wa Kitatange (Tanga)
Mkuu, kifuniko kinapunguza mvuke, ila joto la Dar linabaki ndani na hewa haibadiliki vizuri. Mvuke ndio unaopoza tangi. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji inaweza kushusha nyuzi 2 au 3, na gharama yake ni kujazia zaidi. Mimi nachagua feni, na juu naweka wavu ili samaki wasiruke. Maji ya bati nayaogopa kwa sababu ya zinki.

Kijana wa Mbagala (Dar)
Asante mkuu. Nimepima sasa hivi, refraktomita (kipimo cha chumvi) inasoma 39. Nimwage maji matamu hadi ifike 35?

Mama Matumbawe (Nairobi)
Hapana mdogo wangu, usikimbize. Kwanza hakikisha kipimo chenyewe kiko sawa kwa maji ya kukisahihishia ya 35. Kama tangi ni la lita 200, toa lita 5 za maji ya tangi, weka lita 5 za RO taratibu, itashuka kama gramu 1. Kesho pima, rudia. Na pengo la mvuke la kila siku liendelee kujazwa kama kawaida.