Naomba ushauri: Kuirejesha Datsun 1600 SSS katika hali yake ya asili
Ndugu wanachama, nimerithi kwa marehemu baba Datsun 1600 SSS ya mwaka 1970, aina ile ile aliyoshindia Edgar Herrmann mashindano ya magari ya Safari Rally mwaka huo, nayo imetembea kilomita 41,000 tu kwa kuwa ilifungiwa bandani Mombasa kwa miaka mingi. Injini haijakwama, lakini tangi la mafuta limeota kutu ndani, sili za breki zimekauka, na fundi mmoja aliwahi kung'oa kabureta zake mbili (vifaa vinavyochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini) akafunga moja ya gari jingine, jambo linaloniuma kuliko kutu yote. Je, nianze na breki na tangi, au nitafute kwanza kabureta pacha za asili? Na rangi ya kiwandani, iliyofifia kwenye boneti pekee, inatosha kuipiga polishi? Binafsi sipendi kuipaka upya.