Mdogo wangu amekubali mwenyewe kuingia nyumba ya upataji nafuu: tumwandae vipi?

Dada wa Mbagala

Habari zenu ndugu zangu. Mdogo wangu wa kiume ana umri wa miaka 27 na ametumia heroini kwa miaka sita. Alianza kwa kuivuta pamoja na bangi na tumbaku, na sasa anajidunga. Wiki iliyopita alikuja kwangu usiku, akakaa kizingitini bila kutaka kuingia ndani, akasema, "Dada, nimechoka, nipelekeni." Katika miaka yote hiyo sijawahi kusikia neno hilo likitoka kinywani mwake, nami nahofia kwamba tukijadiliana sana litatuponyoka.

Tumepata nafasi katika nyumba moja ya upataji nafuu, yaani makazi ambako watumiaji huishi pamoja wakiacha dawa za kulevya, na wenyewe wanataka akae miezi minne. Baba mdogo anaona tumpeleke kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini, kwa kuwa ni bure na atakuwa akirudi nyumbani kila siku. Mama anashikilia kwamba akibaki hapa mtaani hatapona, maana wauzaji wanakaa hatua chache kutoka mlangoni kwetu. Yuko pia ndugu anayetaka tusimwambie tarehe, tumchukue alfajiri kwa gari kabla hajabadili nia. Pamoja na hayo, nimekuta vidonge vya diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, mfukoni mwake, na sijui kama niwaambie wenye nyumba au ninyamaze, wasije wakamkataa. Mliopitia haya, naomba mnishauri.

Mwaka wa Tisa

Pole sana dada, nawe umfikishie pole zangu huyo mdogo wetu. Mimi ni mkazi wa Unguja na huu ni mwaka wangu wa tisa bila kutumia. Mara ya kwanza nilipelekwa kwa hila: kaka zangu waliniambia tunakwenda kumwona shangazi mgonjwa, nikajikuta ndani ya ua ambao mlango wake unafungwa kwa nje. Nyumba hiyo sitaitaja. Mle ndani, aliyelia usiku kwa arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa dawa uliyoizoea, alimwagiwa maji ya baridi, na siku ya tisa niliruka ukuta, nikarudi maskani nikiwa na kinyongo na ndugu zangu, na kinyongo hicho kikawa kisingizio changu cha kutumia kwa miaka mingine miwili. Mara ya pili nilikwenda kwa miguu yangu. Kwa hiyo huyo ndugu wa alfajiri mumwambie kwamba kijana ameshatoa ridhaa ambayo familia nyingi huililia bila kuipata, na mkimdanganya mtakuwa mmeitupa. Mpeni tarehe, na iwe ya karibu, isizidi siku mbili au tatu.

Mwelezeni pia ukweli kuhusu arosto yenyewe. Baada ya muda wa saa 6 hadi 12 tangu atumie mara ya mwisho, machozi na kamasi huanza kutoka, miayo haikatiki, kisha mifupa inauma, tumbo linaharisha na usingizi unapotea. Siku ya pili na ya tatu ndizo nzito kuliko zote, na kwa kawaida baada ya wiki moja hivi mwili unaanza kutulia. Mimi usingizi ulichelewa zaidi ya hapo, na laiti ningeambiwa mapema kwamba hilo ni jambo la kawaida, nisingeogopa kama nilivyoogopa.

Lakini kinachonifanya niandike kwa urefu hivi ni siku ya kutoka. Kijana niliyelala naye chumba kimoja alimaliza miezi yake yote, hakutoroka, akatoka siku ya Ijumaa akiwa amenawiri. Akakutana na wenzake wa zamani, akachukua kiasi kile kile alichokuwa akikimudu kabla ya kuingia, na Jumapili tukamzika. Mwili uliokaa miezi bila heroini haukimudu tena kiasi cha zamani. Hilo mdogo wako alijue kabla hajaingia, na mama naye alijue.

Muuguzi

Dada, kuhusu vidonge usinyamaze kabisa. Nimefanya kazi katika kliniki ya methadoni kwa miaka kadhaa, na jambo linalonitisha kuliko arosto ya heroini ni mtu aliyezoea diazepamu au pombe kali kukatishwa ghafla bila daktari kujua. Arosto ya heroini humtesa mtu sana, lakini mtu mzima asiye na maradhi mengine kwa kawaida hafi kwayo, ilimradi apewe maji ya kutosha na chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji pindi anapotapika na kuharisha. Diazepamu ni jambo jingine: mtu aliyeizoea akiiacha ghafla anaweza kupata degedege, na degedege hilo linaweza kumuua, ndiyo maana daktari huipunguza polepole. Mpelekeni kwanza hospitali, akae na daktari peke yake, bila mama na bila wewe, aseme kila anachotumia na kiasi chake. Mbele ya mama atapunguza hesabu. Apimwe pia virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kifua kikuu, kwa sababu amekuwa akijidunga. Na kama ana dawa alizoandikiwa na daktari za kutumia kila siku, aingie nazo.

Kuhusu hoja ya baba mdogo, ana haki ya kusikilizwa. Methadoni imekuwa ikitolewa Muhimbili tangu Februari 2011, kisha Mwananyamala na Temeke, nami nimeona watu waliokuwa wakilala mitaroni wakirudi kazini. Mgonjwa hunywa dozi yake mbele ya mhudumu, huanzishiwa kiasi kidogo kinachoongezwa taratibu, na hastahili kuitwa mlevi kwa sababu ya dawa anayopewa kliniki. Nyumba nyingi za upataji nafuu, kwa upande mwingine, hufuata hatua kumi na mbili, utaratibu wa kuacha kwa kusaidiana katika vikundi, na hazitumii dawa hiyo. Ningekuwa mimi, kwa mtu anayejidunga kwa miaka yote hiyo, ningeanza na methadoni. Lakini ikiwa muuzaji yuko mlangoni na kijana mwenyewe ameomba kuondoka, simlaumu mama.

Mkichagua nyumba, nendeni mkaione kabla ya kulipa. Ulizeni nani anatoa dawa, usiku nani yuko zamu, mgonjwa akizidiwa anapelekwa hospitali ipi, na kama mkazi anaweza kuzungumza na ndugu zake bila msimamizi kusikiliza. Mkiona mnyororo au mtu mwenye alama za kipigo, ondokeni. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inapokea simu bila malipo kwa namba 119, nanyi mnaweza kuwauliza kama nyumba hiyo inatambuliwa.

Mama Wawili

Mwanangu, nitasema kidogo tu. Mimi nilimpeleka kijana wangu, nikarudi nyumbani nikalala usingizi mzito kana kwamba kazi imekwisha, na miezi yote ile sikubadili kitu: chumba kile kile, deni lake dukani halijalipwa, na simu yake nilimhifadhia ikiwa na chaji na namba zote za wenzake. Siku aliyotoka nilimkabidhi kwa furaha. Kabla ya Magharibi ilikuwa imeshaita mara nne.

Dada wa Mbagala

Nawashukuru sana nyote, shikamoo mama. Jana nilimpeleka hospitali na nikabaki nje. Alikaa na daktari karibu saa nzima, na alipotoka aliniambia kwamba vidonge anavitumia kila siku tangu mwaka jana, jambo ambalo hakuna aliyelijua nyumbani. Daktari ameamua alazwe kwanza hospitalini ili vidonge vipunguzwe chini ya uangalizi, kisha ndipo tuamue kati ya methadoni na nyumba, naye mwenyewe akiwemo katika mazungumzo hayo. Baba mdogo na mama wamekubali.

Anaingia wodini Jumatatu. Nilimsomea ujumbe wa Mama Wawili, akanyamaza kwa muda, kisha akatoa simu mfukoni, akaivunja laini yake na kunikabidhi vipande.