Vipimo vya damu (CRP na D-dimer) vya baba baada ya kiharusi

Binti_Tanga: Baba (68) alipooza upande wa kulia juzi. CT (picha ya ubongo): mshipa umeziba, damu haijavuja. CRP 64, D-dimer juu. Jamani, maana yake nini?

Nesi_Wodini: Pole sana dada. D-dimer ni mabaki ya bonge la damu linapoyeyushwa mwilini. Ulizeni kama ECG (kipimo cha mapigo ya moyo) imepimwa, huenda moyo unapiga ovyo na bonge limetoka huko. CRP hutoka kwenye ini kukiwa na mchochota au maambukizi. 64 ingenifanya nisikilize mapafu, maana chakula kikiingia huko huleta maambukizi. Anapaliwa akinywa uji?

Binti_Tanga: Ndiyo, tangu jana anakohoa sana.

Nesi_Wodini: Msimpe chochote mdomoni hadi apimwe kumeza. Mwambie daktari sasa hivi!

Maabara_Moro: D-dimer hupanda hata kwa umri, dada. Peke yake haitoshi.