Njia imenipotea milimani nikiwa peke yangu, ningefanyaje?

mtembezi_kgm: Habari zenu wakuu. Jumamosi nilipanda milima ya huku kaskazini ya Kigoma mjini peke yangu, kufika juu kwenye pori lililochomwa moto njia ikakata kabisa, chini jivu tupu, nikafuata kinjia kumbe cha mbuzi kikaishia kichakani. Mtandao hamna, maji yameisha, nimezunguka masaa matatu, niliogopa sana. Nimerudi salama ila nataka kupanda tena, ikitokea nifanyeje?

bibi_wa_ujiji: Pole sana mwanangu. Nyumbani ulimwambia nani unapita wapi na unarudi saa ngapi? Usitoke tena bila kuaga.

mzee wa dagaa: Pole mdogo wangu. Njia ikikata simama hapohapo, kaa, tulia, halafu rudi mpaka alama ya mwisho unayoikumbuka, kinachopoteza watu ni kuendelea mbele. Na usishuke na korongo, ni kweli maji yanaelekea ziwani ila kuna maporomoko, utafika pa kushindwa kushuka na kurudi huwezi, shika mgongo wa mlima. Jua linazama upande wa ziwa, usiku usio na mbalamwezi utaona taa za wavuvi kule chini, lala, ushuke asubuhi.

miombo_tu: Mi kila njia panda nafunga kitambaa chekundu, nikirudi nafungua. Nkungwe kule Mahale ni mita 2,462 na hupandi bila askari wa hifadhi, sasa huku kwetu tunajiendea tu.

mtembezi_kgm: Asanteni sana. Shikamoo bibi, kweli sikumwambia mtu.