Wapima masikio na wataalamu wa usemi wasio na leseni: serikali iwafungie?

Sikio Moja (mleta mada):
Wadau, nauliza nikiwa na uchungu. Anayeng'oa jino anadaiwa leseni, anayechoma sindano anadaiwa leseni. Lakini kuna mahali mtu ananunua mashine za masikio, zile za kusaidia kusikia, kwa jumla, anakodi chumba, anaweka kiti na kuanza "kupima". Yamenikuta. Sikio la kushoto lilikuwa linavuma, jamaa akanivalisha mashine na kuifungulia sauti hadi mwisho bila hata kuchungulia ndani. Kila nikitafuna ilipiga mluzi. Kumbe nta ilikuwa imejaa hadi kwenye ngoma ya sikio. Watu kama hawa wafungiwe au waachwe?

Fundi Mitambo:
Waachwe. Marekani kila jimbo lina sheria zake za leseni, lakini tangu Oktoba 2022 mashine za masikio zinauzwa dukani kama miwani ya kusomea, huhitaji kumwona mtu. Wenyewe wameona walikuwa wanawabana wananchi bure. Na hao wa usemi ndio kabisa. Leseni ya kumfundisha mtu kutofautisha r na l? Mtoto akichelewa kusema, mama yake aweke simu chini aongee naye. Wengi wanaopelekwa huko hawana shida yoyote.

Mama Pacha:
Fundi, hapo kwenye simu umenigusa pabaya. Nina mapacha. Wamelala kitanda kimoja, nimewaimbia nyimbo zile zile. Mmoja alianza kusema mapema, mwenzake kimya. Mlango ukibamizwa anageuka, kwa hiyo kila mtu akaniambia huyu anasikia, ni mkaidi tu. Kumbe alikuwa anapata sauti nzito peke yake. F, s na sh hazikuwa zinamfikia. Neno "fisi" kwake lilikuwa i na i, basi. Aliyegundua alimweka kwenye chumba kisichoingiza kelele, akamvalisha vipokea sauti, akawa anamwangalia macho kila mlio unapotoka. Na mimi nilikuwa nimeshamchapa kwa huo ukaidi. Niambie simu inaingia wapi hapo.

Fundi Mitambo:
Pole sana dada, sikukulenga wewe. Nimesema wengi.

Mama Pacha:
Hao wengi umewahesabu wapi?

Nesi wa Usiku:
Mimi nabaki kwenye hiyo "r na l" ya Fundi. Mgonjwa wa kiharusi anaweza kunywa maji yakapotea njia, yakaingia kwenye mapafu, na asikohoe hata kidogo. Ndugu zake wanaona amemeza vizuri. Baadaye homa inapanda, ni nimonia. Anayefundishwa kulipima hilo na kusema huyu anyweshwe kitu kizito, akae wima, ainamishe kidevu, ni huyo huyo mtu wa usemi unayemdharau. Njia ya chakula na ya hewa zinapishana kooni, Fundi. Nimekaa na mzee ambaye sauti yake ilibadilika ikawa kama ya mtu anayeongea na maji kooni, na aliyekuwa anamhudumia hakujua kuwa hiyo ni dalili. Nitataka leseni ya huyo mtu kabla hajagusa kijiko.

Msoma Sheria:
Fundi umesoma nusu ya habari. Ile kanuni ya Marekani ni kwa watu wazima, miaka 18 kwenda juu, wanaohisi usikivu umepungua kidogo au kwa wastani. Pacha wa huyu dada haimhusu kabisa. Na leseni za majimbo hazikufutwa.
Mleta mada naye aelewe kuwa nchi hazifanani. Uingereza mtaalamu wa tiba ya usemi na muuzaji binafsi wa mashine za masikio lazima wawe kwenye daftari la HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya, lakini jina la "mtaalamu wa audiolojia", yaani wa usikivu, lenyewe halilindwi na sheria. Australia watu wa usemi wanajisimamia kupitia chama chao, hawamo kwenye usajili wa kitaifa wa wanataaluma ya afya. Kulinda jina ni jambo moja, kulinda kazi ni jingine.

Mwalimu wa Chaki:
Nesi, nakuheshimu, ila hiyo r na l imenichoma kwa upande mwingine. Lugha niliyonyonya nayo haitenganishi sauti hizo. Mwanafunzi wangu aliandikiwa "kasoro ya matamshi" na mtaalamu mwenye leseni halali, kwa kipimo kilichotungwa kwa ajili ya watoto wa Kiingereza. Mtoto huyo nyumbani anasimulia ngano mpaka wadogo zake wanasinzia. Bodi gani ilimuuliza yule mtaalamu kama anaijua lugha ya mtoto?

Fundi Mitambo:
Asante Mwalimu. Ndicho nilichokuwa nasema.

Mwalimu wa Chaki:
Sicho. Wewe uliichukua r na l kuwa kichekesho. Mimi nataka wapimwe zaidi, waulizwe na lugha pia.

Nesi wa Usiku:
Mwalimu, kwa hiyo mtaalamu asiyejua lugha ya mgonjwa amwache asonge?

Mwalimu wa Chaki:
Koo halina lugha, Nesi. Usinilishe maneno. Nimezungumzia mtoto kupewa jina la ugonjwa asio nao, jina litakalomfuata darasa hadi darasa.

Dada wa Zahanati:
Jamani, mbona hakuna anayeuliza wataalamu wenyewe watatoka wapi? Marekani mtu wa usemi anasoma shahada ya uzamili, kisha ili apate cheti cha chama chao, ASHA, anafanya kazi chini ya msimamizi wiki 36, saa zisizopungua 1,260. Wa audiolojia siku hizi wanasomea udaktari kabisa. Mkidai hivyo mahali penye wataalamu wa kuhesabika, mtoto atasubiri miaka, na miaka yenyewe ndiyo ile ya kujifunza kusema. Mimi naona wawepo wasaidizi waliofunzwa, wenye mipaka ya kazi, na mtu wa juu anayewajibika.

Mama Pacha:
Fundi bado hajajibu. Umewahesabu wapi?

Fundi Mitambo:
Sijawahesabu, dada. Nimewaona wawili watatu mtaani nikajumlisha. Lakini hata wewe hukuniambia kama aliyempima mwanao alikuwa na leseni.

Mama Pacha:
Sikuuliza. Nilikuwa nalia.

Msoma Sheria:
Mleta mada, na yule wako aliyekuacha na nta, alikuwa na leseni au hana?

Sikio Moja:
Alikuwa nayo, imetundikwa ukutani kwenye fremu. Niliiona ndiyo nikamwamini. Nta ilipotolewa sikio likaacha kuvuma, mashine sikuihitaji tena. Nikarudi kumdai hela yangu, nikaisoma ile karatasi vizuri kwa mara ya kwanza. Ilikuwa leseni ya biashara.