Mrejesho: Mgahawa wa Kiitaliano wenye mvinyo mzuri

Wiki iliyopita niliomba ushauri wa kuchagua mgahawa wa Kiitaliano unaojali mvinyo, kwa ajili ya mlo wa wikendi mjini unaounganisha kifungua kinywa na chakula cha mchana, tukiwa watu wanne. Nawashukuru nyote. Niliufuata ushauri wa kuangalia kwanza mvinyo unaouzwa kwa glasi kabla ya kuvutiwa na unene wa orodha, na hapo ndipo mgahawa nilioupenda kwa picha zake ulipoanguka: ulikuwa na chupa zaidi ya mia, lakini kwa glasi zilikuwa aina mbili tu. Tulikwenda kwingine, penye orodha ya ukurasa mmoja. Mhudumu alituletea Lambrusco (aina ya mvinyo) isiyo na utamu wa sukari kutoka Emilia-Romagna, mkoa wa kaskazini mwa Italia, nyekundu, yenye povu jepesi, baridi kiasi cha glasi kutoka jasho, nayo ilikata vizuri mafuta ya mayai na nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Mwenzetu asiyependa kileo kikali alipewa Moscato d'Asti, mvinyo mtamu wa Italia ambao kilevi chake ni takriban asilimia 5. Muziki tu ndio ulikuwa juu mno kwa saa tano asubuhi.